Ben Grimm ni Jack Kirby mwenyewe

Ndugu yangu, umeuliza kama wachoraji wa katuni za mashujaa hujiweka wenyewe ndani ya wahusika wao. Ndiyo, tena sana. Mtazame Ben Grimm, lile jitu la mawe la Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne wa katuni, ambalo mchoraji Jack Kirby alilibuni na mwandishi Stan Lee mwaka 1961.

Kirby alizaliwa 1917 kwa jina la Jacob Kurtzberg, mtoto wa Wayahudi wahamiaji wa Lower East Side, New York, mtaa wa maskini ambako vijana walipigana ngumi barabara kwa barabara. Ben naye katokea Yancy Street, mtaa wa kubuni ambao jina lake linatokana na Delancey Street ya huko huko. Benjamin ni jina la baba yake Kirby, na jina la kati la Ben ni Jacob! Hata sigara ile nene mdomoni ni ya Kirby. Nyumbani kwake alikuwa na picha aliyoichora mwenyewe: Ben kavaa shali ya sala ya Kiyahudi, kashika kitabu cha sala. Lakini kwenye katuni zenyewe Uyahudi wa Ben haukutajwa waziwazi hadi 2002, na Kirby alishafariki 1994. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Na shujaa mwingine, Captain America, je? Kirby na mwenzake Joe Simon, Wayahudi wote wawili, walimchora akimtandika Hitler ngumi ya taya kwenye jalada la toleo la Machi 1941, Marekani haijaingia hata vitani. Baadaye Kirby mwenyewe akaenda kupigana Ufaransa.