Mdogo wangu unayeenda depo Kiwira, chuo cha mafunzo ya askari Magereza, mzigo hauanzi na simu

Vijana wa mtaani kwetu huku Nyegezi wakipata nafasi Magereza wananifuata kuuliza mambo ya depo, mchakamchaka, mshahara, likizo, kota. Sawa, hayo utayajua ukifika na wakufunzi wapo. Mimi nataka niongelee kitu ambacho darasani utafundishwa kisheria ila hutakielewa mpaka usimame getini na funguo mkononi, yani hii biashara ya kupitisha vitu gerezani. Nimevaa gwanda miaka mingi kwenye magereza ya Kanda ya Ziwa, sitaji gereza gani wala nani alifanya nini, nakwambia tu inavyokuja ili ikikufikia uitambue.

Watu wa uraiani wakisikia vitu haramu gerezani wanawaza bastola. Mzigo wa kila siku ni kitochi, yani kasimu kadogo ka batani, laini, chaja, bangi, tumbaku, kiberiti, nyembe na noti. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inakataza kuingiza kitu bila ruhusa, awe ndugu, mkandarasi wa chakula au askari mwenyewe. Kitochi ambacho huku Makoroboi unakipata kwa hela ndogo tu, ndani bei yake inapaa mpaka unashangaa, na tumbaku kule inafanya kazi ya pesa, mtu anaitumia kununua nyongeza ya ugali, kufuliwa nguo, hadi sehemu nzuri ya kulala. Kijana mgeni wa miaka ishirini akikopeshwa misokoto hajui riba yake, na akishindwa kulipa anapigwa au analipa kwa namna ambayo hapa siwezi kuiandika. Halafu kuna simu. Mahabusu wa kesi ya unyang'anyi akiwa na simu anaweza kumpigia shahidi kule kijijini akamtajia watoto wake kwa majina, na shahidi huyo mahakamani hamtamuona tena. Kwahiyo ukisikia mwenzako anasema "ah, kasimu tu hako", mwambie kuna mtu anaenda kuumizwa na hako kasimu.

Njia za kuingiza utazizoea kwa macho. Kuna siku tunapekua vyakula vya mahabusu, mama mmoja kaleta sato wa kukaanga kwenye hotpoti, wamepangwa vizuri na ndimu pembeni. Sato akikaangwa mzima tumbo linabaki wazi pale alipopasuliwa, sasa mmoja tumbo limefungwa, ukiangalia karibu unaona vijiti vya meno viwili vimepitishwa kwenye ngozi vikakatwa usawa, na ule upande mafuta hayajakolea kama upande mwingine. Ndani kulikuwa na kitochi kimetolewa kava, kimezungushiwa nailoni na selotepu. Yule mama aliishiwa nguvu akakaa chini palepale, alikuwa kapewa samaki na rafiki wa mwanae asubuhi ile na hakujua chochote. Tuliandika maelezo yake kwa heshima na hatukumpigia kelele mbele za watu, na ndivyo na wewe ufanye.

Zingine ni mche wa sabuni uliotobolewa katikati ukazibwa, soli ya ndala, gengi la wafungwa wanaofanya kazi nje linalorudi na kuni na gogo moja limepasuliwa likafungwa tena, karandinga linalorudisha mahabusu kutoka mahakamani, kifurushi kinachorushwa juu ya ukuta usiku. Uingereza huko wanahangaika na droni zinazodondosha mizigo mpaka madirishani, kwetu bado ukuta unatosha.

Lakini tuseme ukweli, njia kubwa ni sisi wenyewe. Na hapa ndio nataka usome taratibu.

Hakuna mfungwa atakayekuja siku ya kwanza akuambie afande niletee simu. Atakuja na shikamoo. Atakuuliza mtoto anaendeleaje, maana alisikia ukiongea na mwenzako lindoni kwamba anaumwa. Wanasikiliza kila kitu, hawana kazi nyingine, na siku ya mshahara wanakujua unavyotembea kabla na baada. Nilikuwa na mwenzangu, kopla, mtu mpole na mchapakazi, aliingia kwenye ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kausha damu, kwa sababu ya msiba, na ikafika mahali wadai wanamfuata mpaka getini. Mfungwa mmoja mwenye hela zake nje akamwambia, afande mimi sitaki kitu, wewe ni kama kaka yangu, mke wangu atakutumia kidogo umalizane nao. Pesa ikatumwa kwenye simu. Miezi ikapita kimya, hakuombwa kitu. Halafu siku moja akaombwa apeleke ujumbe tu, karatasi. Baadae akaombwa pakiti ya tumbaku. Alipokuja kuombwa simu akakataa, ndipo akaambiwa ile meseji ya muamala ipo, ina jina lako, ina tarehe, unataka mkuu wa gereza aione? Tangu siku hiyo mwenye amri akawa mfungwa. Kazi ilienda, kesi ikafuata, na mke wake alirudi kwao Sengerema na watoto.

Kwahiyo ushauri wangu ni wa mapema kuliko unavyotegemea. Kataa vocha, kataa soda inayotumwa na ndugu wa mfungwa pale dukani nje ya geti, kataa kupeleka salamu hata kama ni za mama mgonjwa, salamu zina utaratibu wake kupitia ofisini. Na ukiguswa, hata kwa kitu kidogo sana, kiandike na utoe taarifa siku hiyohiyo kabla zamu haijaisha, kwa mkuu wako wa zamu na kwenye kitabu, kwa sababu ukikaa nacho usiku mmoja tayari kinakuwa siri na siri ni bidhaa kule ndani. Madeni yako kama unayo mwambie mkubwa wako mwenyewe, kabla mfungwa hajamwambia yeye.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Zamu ya usiku mnakuwa wachache na selo zimejaa, upekuzi wa kweli wa selo moja unachukua muda na macho, na mkiufanya haraka haraka mnabaki kuvuruga magodoro tu. Msongamano huu viongozi wanaujua, Julai 2019 hayati Rais Magufuli aliingia mwenyewe gereza la Butimba hapa Mwanza akawasikiliza mahabusu na wafungwa, na Desemba 9 mwaka huohuo pale CCM Kirumba kwenye sherehe za Uhuru akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Msamaha unapunguza kwa muda, ila kesi zinazosubiri upelelezi zinajaza tena. Na ukiwa mkali kwenye mizigo kuna wenzako watakununia, utapangiwa malindo mabaya, utatajiwa shule anayosoma mwanao. Ukitajiwa hivyo usinyamaze kiume, toa taarifa kwa maandishi na mke wako naye ajue.

Kwenye upekuzi usigeuze kuwa adhabu. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema upekuzi usitumike kumnyanyasa mtu, na ule wa kuvua nguo ufanyike tu pale inapolazimu, faragha, na askari wa jinsia moja naye. Mimi naziamini kanuni hizi kwa sababu nimeona kwa macho, selo iliyodhalilishwa hakuna mtu atakayekunong'oneza kwamba kuna wembe umefichwa, na taarifa za kunong'onezwa ndizo zimetuokoa mara nyingi kuliko kupekua.

Na nyie ndugu mlioko nje mnaosoma hii, najua mnavyoteseka. Mama anapanda meli Nansio alfajiri, anafika Mwanza, anapanga foleni, anaongea na mwanae dakika chache na kelele za watu pembeni, halafu anarudi Ukerewe. Ndio maana mtu anashawishika kutuma simu, na mimi kwa maoni yangu wakuu wangeweka simu halali ya gereza, inayosikilizwa na kuandikwa, nusu ya hii biashara ingekosa wateja. Mpaka hapo, usibebe chakula, nguo wala sabuni ambayo hukuinunua na kuipanga mwenyewe, hata kama anayekupa ni rafiki wa mwanao toka utotoni. Ndugu yako akikuomba kitu kilichokatazwa, muulize anadaiwa na nani, mara nyingi kuna mtu nyuma yake anamtisha, na hilo unaweza kuomba kumuona mkuu wa gereza ukamueleza, ahamishwe selo. Na askari akikuomba hela ili umuone ndugu yako au ampelekee kitu, usitume, andika jina lililopo kifuani kwake na saa, halafu piga TAKUKURU 113, ni bure.