Barua kwa mwanangu: usiiuze pikipiki

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Unauliza huo woga utaisha lini, au bora uiuze pikipiki urudi kwenye matatu. Unasema huko Mambrui, kutoka nyumbani hadi shuleni kwako, unaendesha bila shida. Ukishika lami kuja Malindi, lori la chumvi kutoka Gongoni likatokea nyuma, mikono inakufa ganzi.

Usiiuze. Siwezi kukuahidi siku ya woga kuisha, lakini nadhani najua unatoka wapi. Lori unaliogopa kwa sababu hujui chombo chako kitafanya nini ukilazimika kusimama ghafla. Tena umeniandikia kwamba vijana wa stejini wamekuonya usiguse breki ya mbele kwani itakupindua, utumie ya mguu tu. Nawaheshimu vijana hao, ila hilo likatae kabisa. Ukifunga breki, uzito wako na wa pikipiki unahamia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa na kushika lami, la nyuma linabaki jepesi. Ukilibana la nyuma peke yake kwa nguvu, linagoma kuzunguka, linateleza, na mkia unakuja pembeni. Kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki ni ya breki ya mbele. Kinachowaangusha watu ni kuinyakua kwa hofu. Wewe ikamue kama unavyokamua tui: kwanza kidogo, usikie uzito umekaa mbele, ndipo uongeze nguvu, mguu ukisaidia nyuma. Na pikipiki iwe wima unapofanya hivyo, usukani umenyooka.

Hili halisomwi kwenye barua likakaa. Tafuta kipande cha lami kisicho na magari asubuhi na mapema, uanze na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, usimame. Rudia hadi mkono ufanye wenyewe, kisha nenda 30, kisha 40. Utaona jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: kutoka 20 kwenda 40 mwendo umeongezeka mara mbili, lakini masafa ya breki yanakaribia mara nne. Ukishayaona kwa macho yako, utajua mwenyewe uache nafasi gani mbele yako.

Sasa hilo lori. Usijibanze kwenye ukingo wa lami ukilipisha huku unaendelea kukimbia. Hapo ndipo mchanga ulipo. Litazame mapema kwenye saiti mira, washa indiketa, punguza mwendo, na ukifika mahali penye nafasi toka kushoto uliache lipite. Likikupita utasikia upepo unakusukuma kisha unakuvuta. Bana tangi kwa magoti, mikono ilegee. Ni hivyo hivyo kwenye daraja la Sabaki wakati wa kusi, upepo unapokuja ubavuni kutoka baharini. Mikono iliyokakamaa inaupeleka kila mtikisiko kwenye usukani, na pikipiki inazidi kuyumba.

Mchanga uliomwagika juu ya lami, pale njia za vijijini zinapoingia, uvuke polepole, wima, bila breki na bila kukata mafuta ghafla. Macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilikodolea shimo, utalifuata.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi kuliko malori, nalo ni buibui lako. Nguo pana ikiingia kwenye cheni au kwenye spoku za nyuma, haitoki. Inamvuta mtu chini pamoja nayo. Likunje ulikalie vizuri, au livae ukishafika shuleni, na ndani uwe na suruali nzito. Ushungi nao uuingize ndani ya jaketi. Viatu viwe vya kufunga, kandambili ziache nyumbani. Helmeti ifunge kamba kila safari, hata ya kwenda dukani, kwani helmeti isiyofungwa hutoka kichwani wakati ule ule unaoihitaji. Sheria inakutaka wewe na unayempakia muwe na helmeti na jaketi linalong'aa, na umpakie mtu mmoja tu. Wanaobeba mishikaki umewaona. Wewe usiwe mmoja wao.

Ya matunzo ni machache. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema kama kitabu chake kinavyoagiza, cheni uitazame ikilegea, na kwa kuwa unaishi karibu na bahari, uioshe kwa maji matamu mara kwa mara. Chumvi inakula chuma usiku na mchana.

Mama yako anataka umpakie siku ya harusi ya Mambrui. Usimkubalie bado. Mtu wa nyuma anabadilisha breki, kona, hata namna ya kuondoka, na asiyezoea kupakiwa huinamia upande usiotakiwa. Nitamwambia mimi mwenyewe, najua utashindwa kumkatalia. Atakuja na matatu.

Jumamosi nakuja huko. Uweke mafuta ya kutosha, tutafanya breki mimi na wewe mpaka jua liwe kali.

Ni mimi baba yako,
Malindi