Redio ya laki saba, redio ya elfu tisini na tano

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka, leseni yangu ya redio ya ridhaa imetoka TCRA, na mimi sasa ni 5H kama wewe. Ninunue redio gani ya mkononi?" Redio ya ridhaa ni ya watu kuongea hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara; TCRA ni mamlaka ya mawasiliano inayotoa leseni, na 5H ni mwanzo wa majina ya vituo vyetu vya Tanzania. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza nagombana na nani.

Sigombani na mtu. Ila swali lenyewe lilinigusa kidonda, maana nilipouliza mimi hakuna aliyenijibu.

Leseni yangu ilipotoka nilijiona mtu wa anga tayari. Nikaingia Kariakoo na laki saba mfukoni, nikatoka na redio ya kidijitali, ile ya DMR: kioo cha rangi, GPS ndani, haiingii maji. Nikaipachika kiunoni kama afande wa doria. Usiku nikapanda juu ya paa, Tabata, nikaita. Kimya. Kesho yake tena, kimya. Wiki tatu nzima waliokuwa wananisikiliza ni popo wa kwenye miembe. Halikunijia kabisa wazo kwamba redio ya namna ile inataka na mwenzako awe na ya namna hiyohiyo, au kuwe na ripita ya namna hiyo mahali pa juu, yaani mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha upya ifike mbali. Mimi sikuwa na mwenzangu wala ripita. Siku nilipowaonyesha wakongwe wa redio ya ridhaa, mzee mmoja akaigeuzageuza mkononi, akanirudishia: "Nzuri. Utaongea na ukuta." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini sijasahau.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujauliza redio gani, uliza nani atakusikia. Watafute walioko mji wako, uwaulize wanatumia nini na wanakaa masafa gani, yaani namba gani za hewani. Halafu nunua ya kufanana na yao, hata kama haina kioo cha rangi.

Redio yangu ya pili ilikuwa ya elfu tisini na tano. Baofeng UV-5R, hizi wanazobeba walinzi wa magetini. Wanaoidharau wana sababu: ukiwa karibu na mnara wenye nguvu inazibwa masikio, na menyu yake ni mtihani mwingine baada ya ule wa leseni. Lakini ni FM ya kawaida, na inafika kote tunakoruhusiwa, megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Tatizo ni kwamba inafika hata tusikoruhusiwa. Siku moja nilikuwa kwenye pantoni ya Kigamboni, naisikiliza 156.8, chaneli 16 ya wito na dharura za baharini. Nikaitia mfukoni, funguo zikabana kitufe cha kurushia. Nilipoona taa nyekundu jasho lilinitoka. Nikaifuta chaneli hiyo papohapo, kabla hatujagusa ng'ambo. Redio kuweza si leseni kuruhusu, naomba hilo ulishike.

Halafu antena. Kile kijiti cha mpira kinachokuja na redio ni cha kuanzia tu. Mimi nilikata waya wa sentimita 49, nikauchubua ncha moja, nikaufunga kwenye pete ya chuma pale antena inapoingilia, nikauacha unaning'inia chini. Tunauita mkia. Redio ndogo haina nusu ya pili ya antena, inategemea mkono na mwili wako. Mkia unaijazia hiyo nusu. Gharama yake haifiki soda. Baadaye nikaongeza antena ya kuvuta, ya karibu nusu mita.

Na hapo ndipo ninapojisifu, mtanisamehe. Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilomita 400 hivi juu yetu, kina ripita ya wanaridhaa. Unarusha 145.990 na toni ya hezi 67, mlio wa chini unaoifungua ripita, unasikiliza 437.800. Niliweka chaneli tano za kusikiliza, nikianzia 437.810 na kumalizia 437.790, kwa sababu chombo kinapokuja masafa yanapanda na kinapoondoka yanashuka. Skwelchi, ile kizuia kelele, nikaiweka sifuri, kelele zote zije. Dakika kumi tu kinapita, basi. Paani palepale, redio imelazwa ubavu, mkono unazunguka taratibu kufuata anga, nikasikia kituo cha Afrika Kusini, herufi ZS. Nikajitaja, nikasema Kilo India tisa tatu, yaani KI93, mraba wetu wa Dar kwenye ramani ya wanaridhaa. Akanirudia herufi zote, hakukosea hata moja. Kwa redio ya mlinzi!

Nilimpigia yule mzee usiku uleule. Akasema, "Eeh, vizuri," akaniuliza bei ya mchele.

Usinunue kwa kuona kiuno cha mtu. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama redio imepitishwa na TCRA, na hakikisha betri yake utaipata tena mwakani. Tena nakwambia, jua kwanza nani atakusikia. Wengi mnaingia na pesa nyingi na masikio machache, mnakata tamaa mwezi wa pili, mnaziuza bei ya hasara.

Kijana amejibu leo asubuhi: ujumbe wangu ameusikiliza nusu, maana bando limeisha. Ameuliza kama ile ya laki saba bado ninayo na naiuza bei gani.