Gobore la kwanza lilipasuka, la pili likanipeleka kituoni

Juzi niliweka kwenye status picha ya lile gobore la pambo nililomchongea mzee mmoja wa Shela, hapa Lamu, na tangu siku hiyo simu hailali. Wengi ni pongezi, ahsanteni sana, lakini kuna kijana mmoja wa Malindi kaniandikia mara nne, "Fundi, na mimi nataka kutengeneza kama hilo, nianzie wapi?" Sasa badala ya kumjibu yeye peke yake naandika hapa, najua mko wengi mwataka ila mwaona haya kuuliza.

Kwanza tuelewane. Ile si bunduki. Mtutu wake ni chuma kizima hakina tundu, nimekipiga tupa mpaka kikatoka pande nane, na mtambo wa kufyatulia ni pambo tu, hauna hata springi. Kutengeneza bunduki ya kweli bila kibali Kenya hii ni jela, Sheria ya Silaha sura ya 114 haina mchezo na mie nina watoto. Ukitaka ya kulia, umekosea mlango.

Mwenye kazi ni mzee wa Kimarekani ana nyumba Shela. Alinijia karakana mtaa wa Langoni na picha ya bunduki ndefu ya Pennsylvania, zile walizokuwa wakitengeneza mafundi wenye asili ya Kijerumani kule miaka ya 1700. Si kama magobore yetu ya babu zetu, hayo mengi mtutu ni laini ndani, hii ndani imechongwa mifereji ya kuzunguka ili risasi itoke ikijizungusha na iende sawasawa. Mtutu peke yake wapita mita 1, na mti wake ni kipande kimoja kuanzia begani mpaka karibu na mdomo. Nilivoona hivo nikajua hii ni kazi ya mbao, kazi yangu. Miaka 18 nachonga milango, gobore ni nini? Nikachukua advansi siku hiyo hiyo.

Nikatafuta mwembe, sababu ni laini na bei yake nafuu. Ulikuwa umekatwa shamba mwezi mmoja nyuma. Nilichonga wiki tatu, nikaweka na maua kidogo kwenye kitako, nikapiga picha nikamtumia. Asubuhi ya kupeleka nafungua karakana naona ufa umetoka shingoni, pale pembamba unaposhika kwa mkono, umepita mpaka upande wa pili. Nikatia gundi na vumbi la mbao nikapeleka hivo hivo, Mungu anisamehe. Yule mzee akaigeuza juani, akauona ufa, akacheka. Hakusema neno, alicheka tu, mbele ya wanafunzi wangu wawili. Afadhali angenitukana.

Ami yangu, fundi wa zamani, alipouona alisema moja tu: "Mti una mai huu, mwanangu."

Basi ushauri wa kwanza ni huo, mti mkavu. Na sio mkavu tu, utazame nyuzi zake zinapokwenda, pale shingoni ziende na mkunjo wa shingo, zikikatika hapo hata usipoiangusha itavunjika siku moja. Safari ya pili nilipata mwimo wa mlango wa nyumba ya kale iliyokuwa ikivunjwa, mbambakofi, umekauka tangu wazee wetu hawajazaliwa. Mgumu huo! Patasi nilikuwa nanoa kila baada ya dakika chache. Lakini haukunisaliti.

Sasa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi mtakapokimbia. Mtutu unalala ndani ya mti, nusu yake, na lazima ukae kama umeota humo, usione mwanga pembeni. Huwezi kupima kwa futi. Unachukua masizi ya kandili, unapaka chuma tabaka nyembamba kabisa, unakilaza kwenye mfereji unakigonga kidogo kwa mkono, unakitoa. Panapobaki weusi ndipo panapogusa, hapo unakwangua, ukitoa kama ganda la kitunguu, basi. Unapaka tena, unalaza tena. Mara ya kwanza utaona vidoa vitatu vinne tu. Ukifika weusi umetapakaa mfereji wote, chuma kimekaa. Mie mtutu peke yake ulinichukua wiki mbili, na mtambo na vile vishimo vyake siku 9, vidole vyeusi mpaka msikitini watu wananitazama. Hata mafundi wa Williamsburg kule Virginia, wanaotengeneza hizi bunduki kwa mkono mpaka leo, mbao na chuma wanakutanisha hivi hivi, nimewaona YouTube.

Vijana wa siku hizi picha inatangulia kazi. Unachonga nusu ushaposti, watu washakusifu, ile hamu ya kumaliza ishakwisha. Mie nilikuwa hivo na nililipa. Tulia. Mti mkavu, kisha tulia.

Kupaka rangi sikupaka, mbambakofi una wekundu wake. Ami aliniambia nipake sifa, yale mafuta ya samaki, kama jahazi, nikajaribu kwenye kipande, wallahi paka wa mtaa mzima walikuja. Nikatumia mafuta ya kitani, tabaka nyembamba kwa kitambaa, siku baada ya siku.

Kwa jumla ni miezi mitano. Siku ya kupeleka nilikuwa na furaha nikaiweka begani, nikashika njia ya ufuoni kwa miguu kwenda Shela. Bunduki ndefu, mchana kweupe, Lamu, na tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni 2014 mwajua wenyewe hali ilivo. Sikufika mbali. Nilikaa kituoni masaa mawili nawaonyesha mtutu hauna tundu, mpaka ami akaja kunisemea. Kwa hiyo wewe wa Malindi, kabla hujaanza nenda kituoni uwaeleze kwa barua, na ukiibeba ifunge kwenye mkeka.

Yule mzee aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kucha baina ya mti na chuma, haikuingia. Hakucheka safari hii. Salio lake bado sijamaliza kulipwa lakini hayo tuyaache.

Lile la mwembe liko hapa karakana, nazuilia mlango kaskazi ikivuma. Watalii wakiuliza nawaambia ni la vita vya Witu, 1890.