Barabara ikifungwa, majirani wasikasirike

Umeuliza ufanyeje majirani wasilalamike siku ya mbio za baiskeli mtaani. Pita nyumba kwa nyumba wiki mbili kabla, uwaambie saa ya kufunga, saa ya kufungua na gari litatokea wapi. Chagua mzunguko mfupi, kilomita moja na kitu: makutano ni machache, kila moja lina mtu wake mwenye filimbi, na waendao kwa miguu wanavuka kundi la baiskeli likishapita.

Halafu kagua njia nzima kwa miguu, si kwa gari! Fagia mchanga kwenye kona. Vile vifuniko vya mitaro vyenye mianya inayofuata uelekeo wa mbio, tairi jembamba huzama humo na mtu akarushwa juu ya usukani. Mstari wa kumalizia uwe mbali na kona, walau mita 200.