Usimuue Dubu-Bundi wa Mchezaji Wako

Juzi nimeletewa ujumbe na msomaji wa Arusha anayeendesha (yaani msimulizi na mwamuzi) meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, na wenzake wa chuo. Mwindaji wa kundi, mhusika wa mmoja wa wachezaji, alimhurumia mtoto wa dubu-bundi pangoni, akamlisha, dadu zikamkubali. Sasa lile dude limekua, lina kiwiliwili cha dubu na mdomo wa bundi, na linapigana upande wao. Wenzake wameanza kununa. Anauliza: "Kaka, nimuulie mbali kabla kampeni (hadithi yetu ya vikao vingi) haijaharibika?"

Hapana. Na nitajibu kwa kirefu, kwa sababu hili lilishanikuta na bado ninalo moyoni.

Enzi hizo mimi ni mchezaji tu, nilikuwa na grifoni, yule mnyama wa hadithi mwenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba. Nilimlea tangu yai. Dhahabu ambayo wenzangu walinunulia deraya, mimi ilikwisha kwenye nyama ya farasi, maana grifoni hali mchicha. Wenzangu wakilala nyumba ya wageni, mimi nalala zizini. Siku aliporuka nami mgongoni kwa mara ya kwanza meza nzima ilipiga makofi, isipokuwa mwendesha mchezo. Yeye alianza kuhangaika. Shimo alilotuchimbia tunalipita kwa juu, ukuta hivyohivyo. Basi siku moja tumekaa, hata soda hazijafunguliwa, akasema: "Asubuhi mnamkuta grifoni amekufa. Sumu." Hakuna dadu iliyorushwa. Niliomba angalau nichunguze zizi, akaniambia tusipoteze muda. Mpaka kampeni inakwisha hatukuambiwa nani aliyetia sumu. Niliendelea kuhudhuria vikao, lakini nilikuwa nakula karanga tu.

Sasa ninaendesha meza mwenyewe, na tumemaliza kampeni iliyokuwa na dubu-bundi kuanzia ngazi ya 3 mpaka ya 9, yaani hatua ambazo wahusika hupanda kadiri wanavyokua. Manung'uniko yalikuwepo mwanzoni, yakafa mapema. Kwa hiyo nikisema inawezekana, nisikilizeni.

Kwanza elewa ukubwa wa kitu ulichomkabidhi huyo mwindaji. Kwa toleo la 2014, dubu-bundi ana pointi 59 za uhai. Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye mwili mzuri ana kama 28. Dubu-bundi anapiga mara mbili kwa zamu, mdomo na makucha, na vyote vikiingia wastani ni pointi 24. Mpiganaji mwenye upanga na ngao anatoa nane, tisa hivi. Kiwango chake cha ugumu ni 3, na maana yake kitabuni ni kwamba kundi la watu wanne wa ngazi ya 3, waliopumzika vizuri, ndio saizi yake. Sasa mmoja wa hao wanne anatembea naye. Ni timu ya ndondo iliyoleta mamluki wa Ligi Kuu: magoli yanaingia, lakini watoto wa mtaani wanakaa benchi.

Ukiona hesabu hiyo mkono unakuwasha kupunguza pointi zake. Usiguse. Namba zake hazipandi, za wachezaji zinapanda. Ngazi ya 5 mpiganaji anaanza kupiga mara mbili na mchawi anapata mpira wa moto wa dadu nane. Muda unakusaidia kazi hiyo bila wewe kuonekana mbaya.

Kinachowaudhi watu mezani ni zamu. Mwindaji anarusha mshale, halafu anarusha dadu za mdomo, halafu za makucha, halafu anauliza kama mnyama anaweza kusogea hapa au pale, na wakati huo kuhani amekaa na simu mkononi. Waunda michezo wenyewe wamesumbuka na jambo hili. Kitabu cha wachezaji cha 2014 kilimbana mwindaji kupita kiasi: mnyama wa kiwango kisichozidi robo, na ili mnyama ashambulie, bwana wake atoe kitendo chake, yaani jambo kuu analoruhusiwa kufanya katika zamu yake. Wachezaji walilalamika sana. Mwaka 2020 ikatoka nyongeza yenye mnyama anayekua pamoja na bwana wake na kuamrishwa kwa kitendo cha ziada tu, kile kidogo cha pembeni ya kitendo kikuu. Asipoamrishwa anajikinga, basi. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo lake la pili la 2019, imefanya usafi zaidi: una vitendo vitatu kwa zamu, ukitoa kimoja kumwamuru mnyama, yeye anapata viwili.

Mimi nilichota huku na huku. Mezani kwangu, ukitaka dubu-bundi apige mdomo na makucha, unatoa kitendo chako kizima. Wewe unasimama kumpigia kelele. Ukitaka mdomo peke yake, kitendo cha ziada kinatosha. Usiposema kitu, anajikinga. Bado ana nguvu, ila sasa nguvu hiyo ina bei, na zamu ya mwindaji ni fupi kama ya mtu mwingine yeyote. Hii peke yake ilimaliza nusu ya ugomvi.

Nusu nyingine ilimalizwa na mwili wake. Tunachorea ramani kwenye karatasi ya grafu, na sisi wote ni vizibo vya soda. Dubu-bundi ni mfuniko wa kopo la kahawa, kwa sababu anakalia miraba minne. Mwekee mlango wa futi 5. Anapita, lakini kwa kujibanza: mwendo unapungua, mashambulizi yake yanakuwa na dosari (unarusha dadu mbili, unachukua ndogo), na anayempiga anapata nafuu (anachukua kubwa). Mwekee ngazi ya kamba. Mwekee mtumbwi. Mlinzi wa lango la mji amwangalie tu, asiseme kitu. Hayo yote yapo kwenye kanuni au kwenye akili ya kawaida, na hakuna mchezaji atakayekuambia umemwonea.

Halafu fanya awe wa wote. Sheria ninayojivunia kuliko zote ni hii: mhusika wako akianguka, pointi zake za uhai zikifika sifuri, wewe ndiye unayemwendesha dubu-bundi mpaka uinuke. Kuanguka mezani kwangu hakumwachii mtu simu tena.

Ngazi ya 9 walikutana na joka jekundu kijana. Moto wake wastani ni pointi 56. Dubu-bundi alihitaji 16 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20 kukwepa, mwindaji akarusha, ikaja 7. Nikarusha dadu zangu 16 hadharani, nikajumlisha kwa sauti, ikatua 56 kamili. Akabaki na pointi tatu. Mpiganaji, yuleyule aliyeniambia mwanzoni kwamba mnyama anampora kazi, aliacha joka likiwa mbele yake, akatumia kitendo chake chote kumnywesha dubu-bundi dawa. Hakuna aliyemwomba.

Waendesha mchezo wenzangu, tuna tabia ya uchoyo. Tunawaambia watu "fanyeni mnachotaka", wakikifanya tunatafuta sumu. Mchezaji aliyefuga mnyama amekupa kitu ambacho hata vitabu vyako vyote haviwezi kukupa: amejali. Mnyama afe, sawa, lakini afe kwa dadu, mbele ya watu, na adui mwenye jina. Ukimuua kati ya vikao umeiba. Samahani kwa ukali, lakini nimeshaibiwa.

Na nyinyi wenye wanyama msijione. Ukija na dadu zako umezishika zote mkononi na hujui mnyama wako akipiga anaongeza 7 kwenye dadu, unatuchelewesha. Andika namba kwenye kadi.

Kwa kaka wa Arusha: kikao kijacho, kabla ya mchezo, waambie wote kanuni mpya ya zamu, na mwambie mwindaji pembeni kwanza asije akaona ameshtukizwa. Akigoma, muahidi mtaijaribu mapigano mawili, mkae tena muizungumze. Kisha wapeleke kwenye ghala la bandarini lenye milango ya futi 5, na funguo akae nazo kuhani.