Pedi za Leaf hazibadilishwi kwa kalenda

Dada wa Ntinda, fundi anayekuambia ubadilishe pedi za breki za Nissan Leaf yako, gari la umeme, kila miezi sita akuonyeshe kwanza kipimo. Ukiondoa mguu kwenye eksileta, mota inageuka jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha chaji, kwa hiyo pedi hugusa diski mara chache. Avue tairi, apime unene mbele yako: zikibaki milimita 3 hivi, badilisha, zikiwa 8, azirudishe.

Pesa yako iweke kwenye oili ya breki, maana hunyonya unyevu hata gari likilala tu; mimi hubadilisha kila miaka miwili. Halafu pini za kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski, zisafishwe na kupakwa grisi, hasa kwa mvua na vumbi hili la Kampala. Yangu moja niliikuta imeganda kwa kutu: pedi ya ndani imekwisha kabisa, ya nje bado nene. Iliniuma, kwani grisi kidogo tu ingeokoa seti nzima.

Ukiteremka kilima cha Naguru betri ikiwa imejaa, mota haisaidii sana kupunguza mwendo, kanyaga breki mapema. Spea kaulizie bei soko la Kisekka mwenyewe, fundi umlipe ufundi wake.